Gauni Likawa Jeupe, Macho ya Mama Yakabaki ya Njano

Siri ya mama yangu niliambiwa na gauni la harusi. Msicheke.

Kazi yangu ni kuhariri video. Harusi ya dada niliihariri mwenyewe, na picha zilitoka njano tupu. Taa za ukumbi ule, balaa.

Nikataka kuanza na efekti ya kupendezesha. Bosi akaniona.

"We binti, unapaka poda uso haujanawa? Rekebisha rangi kwanza, mapambo yafuate. Tafuta kitu cheupe, anzia hapo."

Nikaanzia kwenye gauni la dada.

Likawa jeupe. Vitambaa vya meza, vyeupe. Hata meno ya mjomba yalijitahidi.

Macho ya mama yakabaki ya njano.

Nikarudia. Yale yale.

Siku zile mama alikuwa havui miwani ya jua, eti mwanga unamuumiza. Harusini aliivua, kwa ajili ya picha tu.

Nilipofika nyumbani nikamuuliza.

"Nani kakwambia?"

"Gauni la dada."

Akacheka kidogo. Akavua miwani.

"Ini, mwanangu. Daktari kasema limeshindikana. Ningesema, dadako angeahirisha harusi."

Nikamweleza nilivyoyaona macho yake kwenye video.

"Hiyo njano huwezi kuifuta machoni?"

"Naweza, mama."

"Ifute. Asije akaangalia harusi yake akaona msiba."

Nikaifuta kwa efekti nyingine, nikaiweka hiyo juu kabisa ya zote. Nililia mpaka skrini siioni.

Haikupita muda, tukamzika.

Baada ya msiba, dada akaja kazini kwangu kuiangalia video. Ilipofika kwa mama, akanishika mkono.

"Simamisha. Huyu si mama."

"Dada..."

"Macho yake yalikuwa ya njano. Unadhani niliharakisha harusi kwa nini? Nilitaka aione."

"Kumbe ulijua? Mbona hukumwambia?"

"Alikuwa anajificha kwa raha zake. Ningemvuaje miwani?"

Jamani. Nyumba moja, watu watatu, kila mtu analia chumbani kwake.

"Mdogo wangu, nirudishie mama yangu."

Nikaiondoa ile efekti ya juu. Kwa kuwa ilikuwa ya mwisho, ilitoka peke yake. Gauni likabaki jeupe, na mama akarudi na macho yake ya njano, anacheka.

Hapo ndipo tulipolia pamoja. Wa tatu wetu hakuwepo.

Wenye mgonjwa nyumbani, semezaneni angali anasikia. Mapambo yatafuata.