Sitini za Kila Asubuhi Kutoka Lundo

Kilichonitoa Mbinga ni namba sitini. Kila siku saa mbili asubuhi nilikaa kwenye redio ya upepo ya parokia nikiuliza kipima unyevu kinaonyesha ngapi kwenye ghala la mpunga la mradi wetu kule Lundo, kando ya ziwa, na mtunza ghala, Mama Agnesi, alinijibu vilevile: "Sitini, mwanangu." Jua sitini, mvua sitini. Soko lilikuwa limeachiwa huru, wanunuzi binafsi wanagombania mpunga hata haujakauka, na mimi ndiye niliyewashawishi wakulima wa Lundo wasiuze, wahifadhi kwanza. Ukiota ukungu, uso wangu ningeuweka wapi?

Alhamisi alfajiri nilipanda lori la mahindi nikiwa na sweta zito.

"Hilo utalivua njiani," dereva alinicheka. "Lundo utatamani kuvua na ngozi."

Saa sita tulikuwa tunateremka milima, kona baada ya kona, mashamba ya kahawa yakibaki juu yetu. Ziwa lilipofunguka chini nilifurahi kama mtoto. Furaha haikudumu, kwa sababu mvua kubwa ilitukuta Mbamba Bay, na kila tone niliona linaingia kwenye magunia yetu.

Saa kumi jioni pikapu ya wauza samaki ilinishusha Lundo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu! Mbona hukusema redioni kwamba unakuja?"

Niliona haya kumwambia kwamba nimekuja kumchunguza. Aliniketisha sebuleni, akaleta ugali wa muhogo na usipa, dagaa wa ziwa lao. Nikiwa na tonge mkononi niliinua macho. Ukutani, kati ya picha ya Bikira Maria na kalenda, kilining'inia kipima unyevu chetu, kimevishwa kitambaa cha kufuma, bado kimo ndani ya nailoni yake ya dukani, imefungwa fundo. Mshale ulikuwa kwenye sitini.

"Mama, hiki si cha ghalani?"

"Ghalani kuna panya na vumbi. Kitu mlichonikabidhi mbele ya watu wote, nikakichafue? Ningewatia aibu."

Kumbe wiki zote zile nilikuwa naandika daftarini hali ya hewa ya ndani ya nailoni! Nilitaka kukasirika, nikacheka. Kisha nikalirudisha tonge sahanini.

"Na mpunga wenyewe?"

Alichukua ufunguo. Ghalani alizamisha mkono ndani ya gunia hadi kiwiko, akatoa punje chache, akaimenya moja na kuiweka kwenye meno. Ikalia kwa ukavu. Akanipa nami niume. Aliniambia huanza hivyo kila asubuhi kabla ya kwenda redioni. Kuna siku magunia ya ukutani yalipata joto la unyevu, naye na wenzake wakayatoa na kuuanika mpunga kwenye mikeka.

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza mpunga, mwanangu. Uliuliza namba."

Ijumaa tulikivua kipimo nailoni yake, tukakitundika ghalani ndani ya kizimba kidogo cha waya. Kitambaa alikataa kukiondoa. Jumamosi nilirudi Mbinga, sweta mwilini tena, na moyo mwepesi.

Jumatatu saa mbili, redioni: "Sabini, mwanangu."

Nilishtuka, kalamu ikasimama. Halafu nikauliza nilichopaswa kuuliza tangu mwanzo.

"Na mpunga, mama?"

"Subiri, punje ninayo hapa kwenye pindo la khanga."

Kisha, kutoka kule ziwani, nikasikia punje ikivunjika kwenye meno yake.