Sabuni Kwenye Bwawa la Klabu

Juzi wajukuu walinipeleka hoteli moja huko Lanet, wao waogelee, mimi nichunge viatu. Wakaruka majini na jasho lao na mafuta ya kujipaka, na bomba la kuoga liko hapo kando. Nikawaambia watoke wakaoge kwanza.

"Shosho, haya maji yana dawa," mkubwa wao akanijibu.

Nimechoka kubishana na watoto, nikarudi kwa viatu vyao. Lakini harufu ya hiyo dawa ilinirudisha mchana mmoja nikiwa mdogo. Baba alikuwa akisafisha bwawa la klabu moja mjini, na siku hiyo nilimpelekea chakula. Nikaona wageni, watu wazima, wanaoga bila sabuni. Niliwahurumia. Nikachukua kipande cha sabuni ambacho baba alikuwa akifulia nguo za kazi, nikashuka ngazi za bwawa, nikajisugua miguu vizuri kama nilivyofunzwa nyumbani. Povu likatambaa mpaka kwa mama mmoja aliyekuwa akielea chali.

Meneja hakupiga kelele. "Mzee, kesho asubuhi nikute maji mapya. La sivyo, usirudi hapa."

Baba alizibua bwawa maji yote yakatoka, akaingia ndani na brashi. Nilisugua naye mpaka magoti yakaniuma, nikingoja kiboko ambacho hakikuja. Mwishowe nikamuuliza yeye huoga hapo saa ngapi.

"Mimi sijawahi kuingia kukiwa na maji," alisema, akaendelea kusugua.