Vigingi Nilivyoviacha Lubumbashi

Nilikwenda Lubumbashi kwa ajili ya kichuguu. Msinicheke. Mimi ni msanifu wa mandhari, kazi ambayo mama yangu hapa Mbeya huwaeleza majirani kuwa ni kusomea kupanda maua, na kwa ajili ya utafiti wangu nilikuwa natafuta mahali ambapo watu wamejitengenezea bustani yao bila mchoro wala mtaalamu. Mwenzangu aliyewahi kufundisha kule alinionyesha picha: kichuguu kirefu kupita paa la nyumba, miti imeota mgongoni, watoto wanateleza ubavuni, wazee wamekaa kivulini. Akanipa namba ya simu ya mama anayekitunza, Mama Odette. Nilipompigia aliniuliza jambo moja tu: nikimaliza kuchora, yeye atapata nakala? Nikamwambia atapata.

Tunduma nilivuka mapema asubuhi, nikapanda basi la Zambia. Kuhusu njia hiyo sina la kusifu. Ni mwezi wa nane, nyasi zimeungua pande zote mbili, na mtu aliyekaa jirani yangu alikohoa kutoka Nakonde hadi Kapiri Mposhi.

Kasumbalesa, mpakani, ilikuwa siku ya tatu mchana. Malori ya shaba yalikuwa yamesimama foleni ndefu mpaka madereva wameanika nguo kwenye vioo. Afisa mmoja alifungua begi langu akakuta kamba, futi ya mita hamsini na kopo la rangi nyeupe.

"Hii iko ya nini, mama?"

"Ya kupimia bustani."

"Bustani?" Akafunga begi polepole. "Huku bantu banapima parsele." Yaani viwanja vya kujenga. Nikatabasamu kama mgeni mwenye adabu, nikapita zangu.

Lubumbashi niliingia jioni. Vumbi jekundu lilikuwa limekaa juu ya kila kitu, hata juu ya majani ya miti ya barabarani, na moshi wa makaa ulinichoma macho. Mama Odette alikuja kunipokea kituoni amevaa kitenge cha parokia yake. Ni mjane wa mfanyakazi wa reli, asili yao kaskazini mwa Katanga, umri kama miaka sitini, ana sauti ya mtu aliyezoea kufundisha katekisimu. Nilipomsalimu alicheka.

"Unasema Kiswahili bora, sawa padri! Karibu, Mama Tanzania. Bukari iko tayari."

Bukari ni ugali wao. Tulikula na sombe, yaani kisamvu, na samaki wa kukaanga, nami nikala kwa aibu, kwa maana nilikuwa nimeongeza mara mbili.

Asubuhi yake alinipeleka kwenye kichuguu, nyuma ya nyumba za mwisho za mtaa. Jamani, kilikuwa kizuri kuliko picha. Zamani, aliniambia, mtaa mzima ulikuwa na vichuguu, lakini udongo wake ndio bora kwa matofali, basi vimeliwa kimoja kimoja. Hiki kilisalia kwa sababu mumewe alikataa kisiguswe, na alipofariki yeye akaendelea kukataa. Akapanda miparachichi na mipera kuzunguka. Juu kabisa kulikuwa na mninga, wao wanauita mulombwa, ambao haukupandwa na mtu.

"Kila mwaka muntu anakuya na hadisi ya kusema alinunua hapa," alisema. "Bantu ya biro banaheshimu karatasi. Mi niko na miti, sina karatasi. Weye utanichorea."

Biro ni ofisi ya ardhi. Hapo ndipo nilipoelewa swali lake la kwenye simu. Mchoro wangu kwangu ulikuwa sura ya tatu ya tasnifu. Kwake ulikuwa ndio utetezi pekee wa uwanja ule.

Siku tatu nilikaa pale na daftari. Asubuhi wanawake walichambua sombe upande wa magharibi, penye kivuli. Mchana jua likihama, wazee walihamia mashariki kucheza kisolo, bao la kwao, kwenye vishimo walivyochimba ardhini. Bingwa wao alikuwa Papa Kabange, jirani wa ukuta kwa ukuta na Mama Odette, mzee mcheshi aliyenifunga michezo minne na kuniuliza kama Tanzania tunahesabu kwa vidole. Jioni watoto waliteleza juu ya vipande vya madumu. Jumamosi kwaya ilifanya mazoezi. Niliandika kila kitu, na nilikuwa na furaha ya kijinga ya mtu aliyepata alichokitafuta.

Siku ya nne niliweka vigingi. Mchoro hauwezi kuwa sahihi bila vipimo, na vipimo vinataka alama, kwa hiyo nilipigilia vigingi ishirini na vinne kuzunguka uwanja, nikavipaka rangi nyeupe vichwani na kuvifunga kamba. Ilikuwa wakati wa misa ya asubuhi, hapakuwa na mtu. Nilikuwa napigilia cha mwisho Mama Odette alipotoka kanisani akilia: dada yake amefariki Kasenga.

Mgeni wa mfiwa habaki nyumbani akipunga upepo. Kesho yake alfajiri tulikuwa njiani pamoja, juu ya lori la magunia ya unga, kuelekea Mto Luapula. Katikati ya safari aliniuliza, "Ule miti uliweka, bale majirani banajua?"

"Nitawaeleza tukirudi, mama."

Alinitazama kidogo, kisha machozi yakamrudia.

Kasenga tulikaa kwenye kilio siku tano. Mji una harufu ya samaki wa kukaushwa, na ng'ambo ya mto unaona Zambia. Nilipika, niliosha masufuria, nililala kwenye mkeka pamoja na kina mama. Vigingi nilivikumbuka mara moja tu, nikaogopa mbuzi wasije wakaving'oa.

Tulirudi Lubumbashi siku ya saba, mchana. Tulisikia majembe kabla hatujafika. Kichuguu hakikuwepo. Kilichobaki kilinifika kiunoni, na juu yake mtaa mzima ulikuwa unachimba, wanaume kwa wanawake, pamoja na wale wa sombe na wale wa kwaya. Mulombwa, miparachichi na mipera, yote ilikuwa imeshakatwa vipande kwa ajili ya tanuri. Vigingi vyangu vyote vilikuwa wima. Hakuna aliyethubutu kuvigusa.

Papa Kabange alivua kofia. "Mama Odette, pole na kilio. Unaona, tuliamuka tukakuta borni ya parsele. Tukasema, hapa balisha kuuzisha. Mwenyewe akikuya na mashini, atabeba udongo yote. Afazali siye bantu ya hapa." Akaonyesha fungu la matofali mabichi, yamepangwa vizuri na kufunikwa nyasi. "Ya kwako tulikuwekea."

Nilitaka ardhi inimeze. Nilisema, "Vigingi ni vyangu. Havikuwa vya kuuza. Vilikuwa vya kuchora."

Papa Kabange akashusha jembe.

"Kuchora nini?" akauliza.

"Kichuguu."

Alitazama alipokuwa amesimama. Kisha akaniuliza bila ukali wowote, na afadhali angenitukana: "Sasa, mama, juu ya nini haukusema?"

Mama Odette alikwenda kwenye fungu lake, akalifunua, akagusa tofali moja moja. Akawashukuru majirani. Halafu akaingia ndani, akafunga mlango.

Nilikaa siku mbili zaidi. Nilimaliza mchoro kwa picha na daftari, kila mti mahali pake, nikampelekea nakala niliyomwahidi. Akafuata mti mmoja mmoja kwa kidole.

"Iko muzuri," alisema. "Njo vile ilikuwa." Akanirudishia. "Nikipeleka ku biro, bakikuya kuangalia, bataona nini?"

Njia ya kurudi sikuitazama. Basi ni lilelile, majivu ni yaleyale.

Mbeya niko mwezi wa pili sasa. Msimamizi wangu ameusifu mchoro. Mimi niliyekua nikiona nyumba zikiwekwa alama ya X nyekundu hapa kwetu, na watu wakianza kung'oa mabati yao wenyewe kabla hawajavunjiwa, nilipaswa kujua kigingi husomwaje. Nilisoma miaka sita namna ya kukipigilia, sikujifunza kuuliza kwanza. Ningejua huja nyuma, ndivyo tunavyosema, na ni kweli, ila haimsaidii mtu.

Juzi Mama Odette alinipigia. Tulisalimiana, akaniuliza habari za mama yangu. Kisha akasema kuna watu wamefika uwanjani wakidai walinunua, wamekuta pamesawazishwa, pako tayari kwa kujenga, na wameweka alama za zege kwenye kona zote nne. Nikamuuliza kama amewakatalia.

"Nikatale na nini?" alisema. "Hakuna kitu pale ya kukatalia."