Julai Tuliyoingoja Theluji

Nilifundisha jiografia miaka ishirini na tisa, na katika miaka hiyo yote nilifundisha theluji bila kuigusa hata mara moja. Niliichora ubaoni kwa chaki nyeupe, nikaeleza inavyoundwa, nikatoa mtihani, nikasahihisha. Siku moja mwanafunzi wa dawati la mbele aliinua mkono akauliza: "Mwalimu, theluji ikianguka ina sauti?" Sikujua. Nikamwambia akae chini, asipoteze muda wa wenzake. Swali lile linanikera mpaka leo, na ninajua kwamba aliyestahili kukaa chini alikuwa mimi.

Natanguliza hayo ili mtu asinicheke akisikia kwamba nilipostaafu, badala ya kufuga kuku kama wastaafu wenye akili, nilijiunga na kundi la simu la watu wanaofuatilia hali ya hewa. Tuko tisa. Mmoja anafanya kazi msituni Magamba, mwingine anatembeza wageni Irente, waliobaki ni wakulima na walimu. Watu wengine wana makundi ya harusi na ya mpira, sisi tuna la mawingu. Asubuhi hatuulizani mtu ameamkaje, tunaulizana ameamka na nyuzi ngapi. Kila mmoja ametundika kipimajoto upenuni mwake, na kila mmoja anaamini kwamba cha mwenzake ni kibovu.

Utabiri wa kwenye simu hautujui vizuri. Kompyuta zinazoutengeneza huikata nchi vipande vikubwa vya mraba, na kipande chetu kinaichanganya milima hii na nyika ya Mkomazi kule chini, penye joto la kumtoa mbuzi jasho. Matokeo yake, kwa hesabu za kompyuta sisi watu wa Lushoto tunaishi katikati ya genge la mlima, tunaning'inia hewani. Kwa hiyo tukaweka kanuni yetu wenyewe: ikisema nyuzi kumi na mbili, sisi tunapunguza tano. Kanuni hiyo niliitunga mimi, na niliionea fahari kuliko cheti changu cha ualimu.

Sasa ikaja Julai moja, si miaka mingi iliyopita. Kipupwe cha mwaka ule kilikuwa kikali, chai ilipoa kabla hujaweka kikombe chini. Ijumaa asubuhi yule wa msituni akatutumia picha ya simu yake. Chini ya neno Magamba, kwenye safu ya Jumatano, palikuwa na nyota ndogo yenye pembe sita. Theluji!

Nilikaa kitandani na simu mkononi kama mtu aliyepokea posa. Tukafungua ramani zote tulizozijua. Moja ilisema theluji, ya pili ikasema manyunyu, ya tatu haikusema kitu. Bila shaka tukaamini ile ya kwanza, na zile nyingine mbili tukaziita za kizamani. Kijana wa Irente akaandika kwamba mwaka huu wageni wake wa Ulaya wataona theluji yenye adabu, inayoanguka mara moja na kuondoka. Mimi nilinunua mabuti ya mpira. Niliwatangazia watu sokoni, kwenye duka la mkate, hata kwa fundi cherehani aliyekuwa anapunguza sketi yangu.

Kosa la kutangaza hewa huku kwetu ni kwamba inakuwa yako. Zamani mvua ilikuwa na wenyewe, watu walioendewa na kuombwa inyeshe au ikome, na ingawa wenyewe hao hawapo tena, desturi ya kumtafuta mwenye hewa haijaisha. Kufikia Jumapili kila niliyekutana naye aliniuliza: "Mwalimu, baridi yako inafika lini?" Nilicheka, lakini kusema kweli nilipenda kuulizwa.

Jirani yangu alikuwa mmoja wa waliouliza, na yeye hakuuliza kwa utani. Ni mjane, amenizidi umri kama miaka kumi, mimi humwita dada na humwamkia shikamoo kila tunapoonana, hata ikiwa mara tatu kwa siku. Nyumba zetu ziko juu mteremkoni, shamba lake liko chini bondeni kando ya mfereji, na mwaka ule lilikuwa na viazi vya mbegu. Mbegu ile, nyekundu, yenye macho mengi, aliirithi kwa mama yake. Kila mwaka huivuna Agosti, huiacha ichipue, na kabla ya vuli wanawake wa kijijini kwetu hupita kwake na ndoo kuchukua. Ilikuwa imebaki kama mwezi mmoja ardhini. Ikiungua, si yeye tu, vuli nzima ya watu kumi na kitu ingekosa cha kupanda.

"Hiyo theluji yako," aliniuliza, "itavifanyaje viazi?"

Hapo ndipo nilipopaswa kuaibika, lakini sikuaibika. Siku tatu nzima nilikuwa nimeiomba theluji ianguke na sikufikiria hata jani moja. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Nikamwambia afunike. Siku mbili zilizofuata alipanda na kushuka akikusanya nyasi kavu, akazirundika ukingoni mwa shamba, mrundo wa kumfikia kifuani. Alikuwa akipita na mzigo kichwani, mimi nimekaa barazani nasoma ramani.

Jumanne mchana mawingu yalijaa mpaka Magamba ikapotea. Kundi halikulala. Yule wa msituni alikuwa anatuma picha ya wingu lilelile kila baada ya dakika kumi, na sisi tunaipongeza. Kisha kwenye saa tisa upepo ukageuka. Wingu likapasuka, likasogea, na ilipofika saa kumi na moja jioni mbingu yote ilikuwa buluu, safi, haina hata uzi. Nilifungua simu. Nyota ya pembe sita ilikuwa imefutwa, mahali pake pamewekwa mwezi.

Mtu akaandika kundini: "Poleni wote." Mwingine: "Mungu ndiye mpangaji." Ulikuwa msiba kamili, bado tu kuchanga. Mimi nilikuwa na hasira ya kitoto, ile ya kutaka kumpiga mtu teke na hujui nani. Na ni katika hasira hiyo ndipo jirani yangu aliponiita kutoka upande wa pili wa ua. Mikono yake ilikuwa na vumbi la nyasi.

"Mwalimu, nimeanza safu za juu. Niendelee?"

"Haiji, dada. Mawingu yameondoka."

Alinyanyua uso akatazama. "Lakini mbingu safi hivi, na upepo umekaa kimya. Marehemu mama alikuwa akiona hivi anasema mpeho unashuka, baridi ya kuunguza majani. Nifunike nisifunike?"

"Bila mawingu hakuna theluji," nikasema, kwa sauti ileile niliyokuwa nikiitumia darasani. "Usijisumbue. Nenda kapumzike."

Alisita. Niliona hilo, na huo ndio ukweli unaonichoma. Alisita, akaitazama mbingu tena, akanitazama mimi. Kisha akasema, "Haya, wewe ndiye umesoma," akaingia ndani.

Nilikuwa nimesoma, ndiyo. Nilikuwa nimewafundisha watoto wa watu, mwaka baada ya mwaka, kwamba usiku usio na mawingu ardhi hupoteza joto lake, kwamba hewa ya baridi ni nzito na hushuka bondeni, na kwamba jalidi, ule umande unaoganda juu ya majani, huja siku kama hiyo hasa. Ubaoni niliichora kwa chaki ileile. Lakini siku ile nilikuwa natafuta theluji, na mtu anayetafuta theluji haoni kitu kingine.

Asubuhi niliamka kabla ya jua nikafungua mlango wa nyuma. Bonde lilikuwa jeupe. Nimekulia milima hii, nimewahi kuona nyasi zilizopauka alfajiri huku na kule, lakini bonde zima, kutoka mferejini hadi kwenye migomba, sijawahi. Sikufikiri. Nilivaa mabuti yangu mapya nikateremka mbio nimeshika simu, mwanamke mzima mwenye wajukuu, nikipiga picha hata sijui nimeielekeza wapi. Nilipofika chini nyasi zilikatika chini ya miguu yangu, krr, krr, krr. Nikasimama nikasikiliza. Nikakanyaga tena. Ina sauti, nilimwambia yule mtoto wa dawati la mbele, aliko huko. Machozi yalinitoka kwa furaha, sitaficha.

Ndipo nikamwona jirani yangu. Alikuwa amesimama katikati ya viazi vyake, amejifunika kitenge kichwani, mrundo wa nyasi uko palepale ukingoni. Hakunisikia nilivyokuja, au alinisikia asigeuke.

"Shikamoo dada," nikasema.

"Marahaba, Mwalimu." Akanyoosha mkono kuonyesha ule weupe. "Ndiyo hiyo uliyokuwa unaingoja?"

Hakusema kwa kejeli. Laiti angesema kwa kejeli. Alitaka kujua.

Nilijibu, "Hapana. Ni kosa langu." Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kusema maneno hayo kwa mtu, na hayakuwa na msaada wowote kwa viazi. Yeye alikuwa tayari anatazama juu, kwenye mteremko wa magharibi. Jua lilikuwa limegusa vilele vya miti na lilikuwa linashuka taratibu kuja kwetu. "Mama alikuwa anaosha majani kabla jua halijayafikia," akasema. "Likiyakuta yameganda, yanakufa. Leta ndoo."

Sijui kama vitabu vinakubaliana na mama yake. Sikuuliza. Nilitupa simu kwenye nyasi, tukachota mferejini, tukaanza kumwagilia safu kwa safu, maji ya baridi ya kukata vidole. Kila nikiinua kichwa nauona mstari wa jua umeteremka: umefika kwenye paa la nyumba yangu, umefika kwenye ua, umefika kwenye migomba. Wakati huo nikasikia pikipiki. Yule wa msituni na kijana wa Irente walikuwa wamekuja pamoja, simu juu, wanashangilia.

"Mwalimu! Simama hapohapo tukupige picha na theluji yako!"

Niliwafokea kama sijawahi kumfokea mwanafunzi. Niliwaambia hiyo si theluji, na si yangu, na aliyekuja bila ndoo arudi alikotoka. Walinywea. Kisha, Mungu awabariki, walivua viatu. Yule wa msituni alikuta sufuria jikoni kwangu, kijana wa Irente akatumia kofia ngumu ya pikipiki. Tulikuwa wanne, tunakimbia, maji yanachuruzika mpaka magotini, na jua linakuja. Lilitukuta zimebaki safu saba.

Mpaka adhuhuri zile saba zilikuwa nyeusi, zimelala chini, zinanuka kama mboga iliyochemka sana. Zilizooshwa na zile za juu zilizofunikwa jioni zilisinyaa ncha tu. Nilikaa ukingoni nikalia, na safari hii haikuwa furaha. Jirani yangu alinipa chai kwenye kikombe cha bati. "Hongea," akasema, akinishukuru kwa Kishambaa kwa kazi ya kusaidia, na shukrani ile nilishindwa kuimeza kuliko lawama yoyote.

Kundini picha zilizagaa siku nzima. Watu walinipongeza kwa kanuni yangu, eti nilikuwa nimepatia kweli, baridi ilifika. Niliandika mara moja tu, nikaeleza nilichomwambia jirani yangu jioni ya Jumanne na kilichompata. Kisha yule wa msituni akaandika kwamba kuanzia siku hiyo, mbingu ikisafika wakati wa kipupwe, wa kwanza kuona apige simu kwa watu wenye mashamba bondeni kabla ya kuandika kundini. Tumeshika hilo mpaka leo.

Kabla ya vuli wanawake walikuja na ndoo zao kama kawaida, wakaondoka nazo zimefika nusu. Hakuna aliyenisema, walau mbele yangu. Jioni moja jirani akaja barazani na kikapu kidogo, akakiweka miguuni pangu. Viazi vyekundu, vimechipua.

"Wape wengine, dada," nikamwambia. "Mimi sistahili."

"Sijakuletea kwa sababu unastahili. Panda bondeni, pale chini kabisa, karibu na vyangu. Ukiwa na viazi vyako kule utaitazama mbingu vizuri."

Nilipanda vuli ile, nikavuna, nikaweka mbegu, nikapanda tena mwezi wa tano. Safu tatu. Julai ilipofika ile nyota ya pembe sita ikajitokeza tena kwenye simu, kundi likachangamka, na mimi, nisidanganye, moyo uliruka kidogo. Kisha Alhamisi moja jioni mawingu yakaondoka na upepo ukakaa kimya. Nilisimama kwenye ua na mzigo wa nyasi kichwani nikamwita jirani yangu.

"Dada, tufunike tusifunike?"

Aliitazama mbingu kwanza, kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza simu yangu inasemaje. Nikamwambia nimeiacha ndani.