Saladi ya Wakwe

Nilitoka Kampala nikiwa nimepakata bakuli la plastiki kama mtu aliyebeba mtoto. Hoteli nilimokuwa naosha vyombo ilikuwa imenunua jingine kubwa, ikanipa hili, na mimi huwa nahama na kila nilichopewa. Basi hadi Kisoro, pikipiki hadi Bunagana, kisha nyuma ya lori la kabichi kupitia Rutshuru, matope mpaka kwenye nyusi. Pale mpakani Bunagana, mtu wa forodha alifungua kifuniko chenye mkono wa kuzungusha, akakuta kikapu chenye matundu.

"Mashini ya nini hii, papa?"

"Ya kukausha majani."

"Majani gani?" Akanikazia macho, akanusa kikapu. Ilibidi nitaje nyanya, mayai na siki ndipo akacheka na kuniachia nipite.

Goma nilipanga chumba mtaa wa Katoyi, kwa mama mmoja mjane wa upande wa Bukavu. Binti yake alikuwa amepata mchumba, kijana wa wafugaji wa Rutshuru, na wazazi wa kijana walikuwa wanakuja kula kwa mama huyo kwa mara ya kwanza. Mama alishikilia kwamba saladi lazima iwe mezani. Lakini alikuwa na hofu: Pasaka iliyopita saladi yake iliogelea majini, na mchanga ukalia menoni mwa wageni. Isitoshe, alizoea kuifunga kwenye kitenge na kukizungusha uani, matone yakirukia nguo za jirani zilizoanikwa.

"Mama, bakwe batakula majani yako na kijiko, sawa supu!" jirani alimwambia juu ya ukuta wa mawe.

"Nyamaza weye! Kwako batu banakulaka nini, maneno?"

Nikamtolea bakuli langu. Tulilijaza maji, tukaacha majani yaelee, vumbi jeusi likazama. Tukainua kikapu, tukamwaga, tukarudia mpaka maji yakabaki safi. Kisha nikafunga kifuniko na kuzungusha; kikapu kikaenda mbio, maji yakatapakaa ndani ya bakuli badala ya uani. Mama alichukua jani, akalipitisha shavuni.

"Kavu sawa nguo ya pasi!"

Jumapili wakwe wakaja. Nyama iliisha, ndizi zikaisha, maharage yakaisha. Saladi haikuguswa. Baba wa kijana, muzee mrefu mwenye sauti ya taratibu, alisema, "Aksanti, mama. Lakini kwetu majani tunapatiaka ngombe."

Binti akainamisha kichwa. Mama alijua sahani iliyokataliwa ingesimuliwa Rutshuru nzima, na mwanawe angeingia ukweni na sifa hiyo. Alitoka hadi barazani, mbele ya macho yao, akaanza kuzungusha majani yaliyobaki kwenye bakuli langu, kwa ukaidi mtupu.

Mlio ule ulimwinua muzee kitini.

"Ile njo nini? Inasukaka maziwa?"

"Inasukaka saladi, muzee," mama alisema.

"Lete."

Akakaa, akaliweka bakuli kati ya magoti kama kibuyu cha kusukia maziwa, akazungusha. Alikuwa fundi. Hakwenda kasi wala polepole, na macho aliyafumba. Alipofungua kifuniko alichungulia muda mrefu.

"Siagi haipo," akasema, na baraza zima likaangua kicheko, mke wake zaidi ya wote.

"Kwetu mwenye kusuka njo anaonjaka wa kwanza," mama alisema. Sijui kama desturi hiyo ipo Bukavu au aliizua palepale. Muzee alimtazama, akachukua jani, akatafuna. Akaomba siki. Mke wake akasogeza sahani.

Majuma machache baadaye miguu ilianza kuniwasha tena, nikakata tiketi ya boti. Asubuhi ile muzee alikuwa anarudi na ndugu zake kuzungumza habari ya ng'ombe wa mahari, na mama alikuwa barazani akiosha majani, mikono imelowa, akaninyooshea kiwiko tuagane.

"Mashini yako unaiacha?"

"Naiacha, mama."

"Ulidhani ningekurudishia?"

Nikakishika kiwiko chake, tukacheka, na mwenye pikipiki akapiga honi.