Mafundi Washuke Kwanza

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa buti za mwanaume. Hapakuwa na ndogo zaidi, kwa kuwa hakuna aliyewahi kufikiri kwamba mguu wa mwanamke ungeingia katika shantie ile ya ujenzi, mtaa wa Rugenge, hapa Uvira. Nilisokota karatasi ya mfuko wa saruji, nikaijaza mbele ya vidole, nikakaza kamba na kuingia nikitembea kama bata. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya ujenzi, enjenyeri kamili. Lakini kila niliyemwamkia alitazama buti kwanza, uso baadaye.

Shefu wa shantie, yaani msimamizi wa kazi zote, alinionyesha jengo. Ilikuwa nyumba ya mfanyabiashara: duka chini, vyumba juu, na mbele kibaraza cha ghorofani kilichotokeza hewani bila nguzo, maana mwenye nyumba alitaka mama yake mzee aketi pale atazame ziwa.

"Kazi yako ni kukagua ferabeto mbele ya kumwaga dali," aliniambia. "Mafundi wakikukatalia kupanda, nitakutuma ku biro. Na ku biro, mama, mutu harudiake."

Vijana mnaosoma haya myajue maneno yetu. Ferabeto ni fimbo za chuma zinazofungwa kwa waya na kufunikwa na zege. Dali ni sakafu ya zege ya ghorofa. Zege likishamwagwa, chuma hakionekani tena mpaka nyumba ianguke. Kwa hiyo anayekagua akiwa amesimama chini hajakagua kitu. Nami sikusoma miaka yote ile ili nikapange faili ofisini.

Siku ya dali ilipofika, nilishika ngazi. Mkuu wa waashi, Papa Sadiki, mtu mpana mwenye kofia ya sufu hata juani, aliniita kutoka juu.

"Weye mutoto, acha iyo ngazi! Minye sina neno na weye, lakini mwanamuke hapitake juu ya kichwa ya fundi. Mukono inakuwa muzito, ukuta inapinda."

"Hata mama yako, Papa?"

"Mama yangu iko na akili, anakaaka chini!"

Shantie nzima ilicheka, nami nikacheka, kwa sababu jibu lilikuwa zuri. Ningeweza kubishana naye hadi jioni. Lakini nilipolipima neno lake niliona kwamba mwiko ule haukuhusu ngazi wala dali. Ulihusu vichwa.

"Na kama hakuna kichwa chini yangu?"

"Vichwa vitaenda wapi?"

Nikamwonyesha sufuria. Kwetu mwenye nyumba huwalisha wafanyakazi siku ya dali, na chakula hutolewa zege likishamwagwa. Mpishi wetu, Mama Neema, alikuwa amekwisha kusonga bugali, na harufu ya mukeke wa kukaanga, samaki wa ziwani kwetu, ilikuwa imetangulia kupanda ghorofani.

"Mukule sasa," nilisema. "Shiye tutamwaga nyuma, mukisha kula."

"Mbele ya kazi? Mutu akishiba anatafuta kivuli!"

"Sadiki," Mama Neema alidakia, "mukeke haingojake dali. Ikipoa, usiniite tena."

Harufu ilifanya kazi ambayo shahada yangu isingeweza. Mafundi walishuka wote, wakaketi nyuma ya nyumba mbali na kuta, nami nikapanda na buti zangu za bata.

Vyumbani chuma kilikuwa kimefungwa vizuri hata nikaona haya kukitilia shaka. Nilipofika kwenye kibaraza, nilisimama. Hapo pia chuma kilikuwa kimelazwa chini, kama vyumbani. Dali ya chumba imeshikwa pande zote. Mzigo ukiikandamiza, hupasukia upande wa chini, na chuma hukaa huko kuizuia. Kibaraza kimeshikwa upande mmoja tu, nacho hupasukia juu. Ningenyamaza, mama mzee angeketi juu ya kitu kisichoshikwa na chochote. Ningesema, chakula cha dali kingekuwa kimeliwa bure, nami ningetumwa biro.

Nilishuka. "Leo hatutamwaga."

Papa Sadiki aliacha tonge njiani. "Tumekula chakula ya dali na dali haiko? Iyo ni haya ya namna gani? Chuma inakaaka chini, inabeba muzigo!"

"Mu vyumba, ndiyo, Papa. Umefanya vizuri." Nilichukua muhogo mbichi katika kikapu cha Mama Neema, nikaumenya, nikaushika kwa nguvu upande mmoja. "Hii ni kibaraza. Sukuma ncha iende chini."

Alisukuma kwa kidole kimoja. Muhogo ulilia *ka!*

"Imeanzia kupasuka wapi?"

Aliugeuza, akautazama kwa muda. "Juu," alisema. Kisha akawageukia wenzake: "Leo muhogo njo enjenyeri."

"Enjenyeri alikuwa wa kupika kesho," Mama Neema alisema. "Nani atanilipa?"

Shefu alinawa mikono bila haraka. "Inueni ile chuma. Tutamwaga kesho. Na kesho kila mutu akule kwake."

Zege lilipokomaa, Papa Sadiki aliondoa mwenyewe mbao za mwisho zilizokibeba kibaraza, akaniita. "Panda. Simama kule ku mwisho."

Nilikwenda hadi ukingoni, nikainama kutazama. Alikuwa amesimama chini yangu kabisa, mikono kifuani, kofia ameivua.

"Papa, kichwa yako!"

"Ninajua mahali iko. Ruka kidogo."

Nikaruka.

Baada ya hapo nilisimamia kazi Luvungi, kisha Kamanyola, kila mara sufuria ikitangulia ngazi, na hatimaye nikanunua buti za mguu wangu. Sasa magoti yamekataa ngazi kabla ya umri kunistaafisha, nami sina kinyongo nayo, yamepanda mengi. Nikijiuliza nimeacha nini katika kazi hii, siwazi majengo kwanza. Namfikiria kijana mmoja, mhandisi mpya, aliyekuja juzi kunisalimu akitoka Kamanyola. Aliniambia kwa mshangao kwamba mafundi wa kule hawamruhusu mtu kukagua chuma kabla hawajashuka wote wakala.

"Nimewauliza sababu," alisema. "Wanasema ni desturi ya bakubwa, tangu zamani za zamani. Haigusiwe."

Nilimwuliza tu kama mukeke ulikuwa bado moto.