Pua kavu kwenye kilio

Leo nimeambiwa sina roho, juu pua yangu imekauka.

Bale banaonijua banajua. Miaka kumi pua ilikuwa inamwaga kamasi, jua ama mvua. Kitambaa mukononi kila siku.

Mwezi uliopita nilivuka mupaka kwenda Bujumbura. Munganga akaingiza kachuma kembamba puani, akagandisha kwa baridi mushipa wa fahamu unaotuma pua kutoa maji. Bila kisu. Siku ile ile nikatoka kwake na miguu yangu, na sasa napumua muzuri.

Basi leo nimefika Mboko kwenye kilio. Mutoto wa mama mukubwa ameuawa akitoka shamba.

Nikaketi kwenye mukeka na bamama. Pua kavu. Macho kavu.

Mama mukubwa akaniangalia sana, akasema mbele ya bote: "Kwa jirani ulilia mupaka kitambaa kikalowa. Kwa mutoto wangu, hata tone moja?"

Nikaeleza mambo ya ule mushipa.

Mama mumoja akacheka kidogo: "Kumbe hata machozi banagandishaka."

Munganga hakugusa macho yangu.

Acha niseme hapa kile nilishindwa kusema pale. Kwenye bilio byote bile mulinisifu kwa kulia, sikulia hata siku moja. Ilikuwa pua tu. Machozi yangu yaliisha siku tulizika baba na bakaka babili kwa shimo moja, kule Fizi.

Ninyi munaohesabu machozi ya bengine, bado munayo yenu? Muniambie ukweli.